Shule ya Upande Wetu wa Mto

Mwaitu, binti yangu,

Umeenda sokoni Zombe kusukwa nywele, na yule msusi wako namjua, hana haraka na mtu. Kwa hivyo nina mchana mzima. Nimekaa hapa mlangoni pa jikoni na daftari lako la zamani, lile ulilobakisha kurasa nyingi bila kuandika. Sanduku lako shangazi yako amekwisha kulifunga. Habari za blanketi, na baridi ya huko Nakuru chuoni, na namna ya kuishi na wasichana usiowajua katika chumba kimoja, amekueleza yeye, tena kwa kirefu mpaka ukasinzia. Mimi sina la kuongeza hapo.

Nina jambo lingine. Nimeamua kuliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitapandisha sauti, nawe utanyamaza vile unavyojua kunyamaza, na kesho utaondoka tukiwa hatujaambiana kitu.

Jumapili wale wasichana wa kwaya walipokuja kukuaga, nilikuwa jikoni nachagua mbaazi. Mmoja akakuuliza, "Shule ya msingi ulisomea wapi?" Ukajibu upesi, "Akademi, hapo Zombe." Kisha ukabadilisha mazungumzo.

Hukusema uongo. Ulisoma akademi miaka minne. Lakini cheti chako kina jina lingine, Shule ya Msingi ya Maviameu, na jina hilo ulilimeza kama kidonge kichungu. Sikukukasirikia. Nilijikasirikia mwenyewe, maana aibu hiyo hukuzaliwa nayo. Uliipata kwangu. Nataka kukusimulia ilivyokuwa, tangu mwanzo, na sehemu zangu mbaya sitazipaka mafuta.

Nilipokuwa mtoto, upande huu wa mto hapakuwa na shule. Iliyokuwepo ilikuwa ng'ambo. Tulitoka nyumbani kukiwa bado na giza, tukavuka mchanga, tukapanda kile kilima cha upande wa pili. Unaujua mto wetu. Miezi mingi si mto, ni njia ya mchanga tu. Watu wanachimba visima humo, ng'ombe wanalala humo. Ukiishi nao hivyo karibu mwaka mzima unasahau kwamba ni mto.

Nilikuwa na rafiki, Kasyoka. Tulikalia dawati moja. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu, na mwalimu alipenda kuinua daftari lake darasa zima lione. Nilikuwa na miaka tisa, yeye pia. Siku moja, mwezi wa kumi na moja, tulitoka shule tukakuta mto una maji. Hapa kwetu mvua ilikuwa haijanyesha hata tone. Ilikuwa imenyesha mbali huko juu vilimani. Maji yenyewe yalikuwa ya magoti, mekundu, yanakwenda polepole. Nikavuka mimi kwanza. Kasyoka akabaki ng'ambo, mfuko wa vitabu kichwani.

Nikamwita. "Vuka! Hayafiki hata magoti!"

"Nduku, naogopa."

"Mwoga! Kesho nitawaambia wote!"

Akaingia. Alikuwa amefika katikati nikasikia sauti kama ya lori linapanda mlima, nikageuka kutazama barabarani. Sauti haikutoka barabarani. Nilichoona nilipogeuka tena sitakuandikia. Walimpata siku ya pili, mbali sana chini, karibu na mashamba ya watu tusiowajua.

Waliponiuliza, nikasema, "Tulikuwa tunavuka pamoja." Maneno hayo tu. Kumwita mwenzangu kulikuwa kosa la mtoto, na hilo nimejifunza kulibeba. Lile la kunyamaza nililibeba nikiwa mtu mzima, nimeolewa, nimekuzaa wewe, na bado nanyamaza.

Sasa sikiliza shule ilivyoanza, kwa sababu kwenye ukuta wa ofisi wameandika kwamba ilianzishwa na jamii, na neno hilo halimwambii mtu kitu. Baada ya mazishi, kabla hata ya wiki mbili kuisha, mama yake Kasyoka alifika kwetu akiwa amebeba jiwe mgongoni kwa mkanda wa kichwani, vile tunavyobeba kuni. Jiwe jeupe, la kule kilimani. Akalitua kwenye kiwanja ambacho babu yako alikuwa akilishia mbuzi. Mama yangu akatoka nje. Huyo ndiye susu yako Mwikali, uliyerithi jina lake, ndiyo sababu mimi sikuiti kwa jina kama watu wengine, nakuita Mwaitu, mama yetu.

"Hilo ni la nini?" susu akamwuliza.

"La shule."

Susu hakuuliza la pili. Aliingia ndani, akachukua mkanda wake, wakapanda kilima wawili. Kesho yake walikuwa sita. Baada ya mwezi lilikuwa kundi kamili la mwethya, la kazi ya pamoja, kina mama wa kijiji kizima, kila Jumanne na Alhamisi, wengine na mawe, wengine na mchanga wa mto uleule. Babu yako akahamisha mbuzi bila kuambiwa.

Chifu alikuja mara mbili kuwakataza. Mara ya tatu akaja na inspekta wa elimu, mtu mrefu wa suti. Wakati huo kuta zilikuwa zimefika mabegani na watoto walikuwa tayari wanasoma humo ndani, jua linawapiga utosini. Mwalimu alikuwa Kimeu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, tukimlipa kwa mahindi na kunde. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikasikia yote.

"Nani amewapa ruhusa ya kujenga hapa?" inspekta akauliza.

Susu akasema, "Mto."

"Sijakuelewa, mama."

"Umeuliza ni nani ametupa ruhusa. Ni mto."

Inspekta akasema jengo si salama, halina ramani, halina usajili, lazima libomolewe. Susu akaingia darasani, akaketi chini katikati yetu na kunyoosha miguu. Mama Kasyoka akaingia. Wakaingia wote, mpaka sisi watoto tukabanwa ukutani. Mwalimu Kimeu, maskini, alikuwa amebanwa ubaoni na chaki yake.

"Mkibomoa tutajenga," susu akasema kutoka pale chini. "Mawe hayaozi."

Inspekta aliingia gari lake akaenda. Hatukusajiliwa kwa miaka mingi sana. Mtihani wa mwisho tuliufanya kwa jina la shule ya ng'ambo, kama watoto wa kuazimwa. Lakini tuliufanya, na hakuna mtoto mwingine wa upande huu aliyechukuliwa na maji akienda shule. Hilo ndilo wangeliandika kwenye ukuta wa ofisi.

Hapo ningeishia, ungeniona binti wa shujaa. Lakini kuna sehemu yangu.

Ulipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, Maviameu ilikuwa imesajiliwa, ina mabati, ina walimu wa serikali, na mimi nilikuwa karani wa kamati ya wazazi. Baba yako alikuwa ameanza kazi ya ujenzi kule mjini Wote. Nilimtembelea, nikakuta watoto wa jirani zake wakiongea Kiingereza kama redio. Nikarudi nyumbani nikiona kila kitu chetu ni kibaya. Nikaona vioo vilivyovunjika, nikaona watoto waliokalia mawe, nikasikia Kiingereza cha Mwalimu Kimeu, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu mkuu, kikinichoma masikio. Nikakupeleka akademi. Sweta nyekundu, soksi nyeupe, basi la manjano linakuchukua pale njiapanda.

Susu alikuona asubuhi ya kwanza. Akakuzungusha, akakutazama mbele na nyuma, akaniambia, "Umemvalisha vizuri." Kisha akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango. Afadhali angenitukana.

Na wewe nilikuwa nakuambia nini kila siku? "Usicheze na wale wa Maviameu, watakuharibia Kiingereza." Nilisema hivyo, Mwaitu. Mimi, niliyekalia lile jiwe la kwanza. Unaona sasa aibu yako ilitoka wapi.

Watu wana macho. Walisema, "Kama karani mwenyewe ameondoa wake, sisi tunangoja nini?" Wenye uwezo wakaondoa wao, na wasio na uwezo wakauza mbuzi wakaondoa vilevile. Kufikia ulipokuwa darasa la nne, Maviameu ilikuwa na madarasa yenye watoto wa kuhesabu kwa vidole. Ndipo barua ikaja kutoka ofisi ya elimu. Wanafunzi ni wachache mno. Shule ifungwe mwisho wa muhula, watoto waliobaki waunganishwe na shule ya ng'ambo.

Kazi ya karani ni kusoma barua. Nilisimama mbele ya mkutano nikaisoma. Kisha Mama Kasyoka, ameshazeeka, akasimama kwa kushikilia bega la mtu.

"Nduku, soma tena pale pa ng'ambo."

Nikasoma tena. Akaketi.

Siku ya pili nilimfuata nyumbani kwake. Nilimkuta uani anapukuchua kunde. Nikapiga magoti pale kwenye maganda.

"Mama, mimi ndiye nilimwita. Aliniambia anaogopa, nikamcheka, nikamwita."

Hakuacha kupukuchua. "Najua."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Siku ya mazishi ulikuwa na homa kali, ukilia, 'Vuka, vuka.' Mama yako alikuwa akiwahudumia wageni wangu. Mimi ndiye nilikukanda kwa maji."

"Miaka yote hii ulijua na hukusema?"

"Niseme nini kwa mtoto wa miaka tisa? Nilikuwa nangoja ukue." Akamwaga kunde kwenye ungo, akazipepeta, akaziweka chini. Kisha ndipo akanitazama. "Sasa umekua. Msamaha nilikupa zamani, kabla hujauomba. Leo sitaki machozi yako. Nataka umrudishe mtoto wako shule."

Ndiyo sababu, Mwaitu. Miaka minane umedhani tulishindwa karo. Nilikuacha udhani hivyo kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi kukueleza. Nilikuvua sweta nyekundu Ijumaa, Jumatatu nikakuvalisha gauni la bluu, na nikakwambia tu, "Twende." Uliacha kula. Uliniambia unanichukia, ukaisema polepole, kwa Kiingereza, ili iniume vizuri. Ulikuwa na haki ya kuambiwa ukweli siku ile, hata kama ulikuwa na miaka kumi na moja. Kunyamaza kwangu tena. Nimelirudia kosa moja mara mbili, na barua hii ni ya kulikomesha.

Baba yako alipiga simu kutoka Wote akiwa amewaka. "Unacheza na maisha ya mtoto!" Nilimwambia, "Ndiyo, na kama nakosea nitakosea nikiwa hapa." Tulikaa bila kuzungumza mpaka mwisho wa mwezi.

Nikaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Wengine walinikaribisha chai, wengine waliniacha nje langoni. Mwanamke mmoja aliniambia bila kufungua lango, "Si ni wewe uliyetuonyesha njia ya kutoka?"

"Ni mimi," nikasema. "Sasa nawaonyesha ya kurudi."

Alicheka kwa dharau, lakini wiki iliyofuata nilimwona binti yake kwenye gwaride. Walirudi wachache wachache. Wengine hawakurudi kamwe, na hao sina neno nao.

Siku afisa wa elimu alipokuja kujibu barua zetu za kupinga shule kufungwa, wewe ulikuwepo, ingawa huwa unasema hukumbuki. Kamati ilitaka kumpa chai na hotuba ofisini. Susu akakataa. Alisema huyo bwana hatakunywa chai ya mtu mpaka atembee njia ambayo anataka watoto watembee. Basi tukatoka wote, afisa na faili lake, mwalimu mkuu Kimeu, kina mama, na nyinyi wa darasa la nne na la tano kwa mstari. Ulikuwa wa tatu, umeninunia bado.

Tulifika mtoni. Ulikuwa mwezi wa tisa, kukavu kabisa. Mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, punda wawili wamelala. Afisa akasimama pale katikati, akatutazama, akatabasamu kidogo.

"Huu ndio mto mnaoandika barua kuuhusu?"

Kweli, ungesema nini? Tulikuwa tumesimama juu ya mchanga mkavu tukimwambia mtu habari za maji. Mwalimu Kimeu akaanza kueleza mambo ya misimu, akajikwaa. Susu akapita mbele na fimbo yake, akaenda mpaka chini ya ule mgunga unaoinamia mto.

"Bwana, njoo hapa."

Akaja.

"Angalia juu."

"Wapi, mama?"

"Juu ya kichwa chako."

Akainua uso. Kwenye matawi, juu zaidi ya pale ambapo mkono wake ungefika, kulikuwa na nyasi kavu zimejisokota, mabua ya mahindi, kipande cha mkeka, na kiatu kimoja cha plastiki cha mtoto. Vyote vimening'inia hapo vilivyoachwa. Afisa alitazama kwa muda mrefu.

"Maji yalifika pale?"

"Mwaka jana," susu akasema. "Kiatu hatujui ni cha nani. Kilitoka juu huko."

Hakuandika kitu. Alifunga faili akatazama mstari wenu, mmoja mmoja, mpaka mdogo wa mwisho. Kurudi, ulimshika susu mkono wa upande usio na fimbo, na ulikuwa hujashika mkono wa mtu yeyote tangu nikutoe akademi.

Barua ya pili haikusema tumeshinda. Ilisema uamuzi wa kufunga shule umesimamishwa kwa muda. Kwa muda. Mpaka leo hawajaifuta wala kuitekeleza. Tumeishi ndani ya hayo maneno mawili miaka minane, susu amekufa ndani yake, Mwalimu Kimeu amestaafu ndani yake, wewe umefanya mtihani ndani yake ukapita, na watoto wa darasa la kwanza mwaka huu madawati hayawatoshi.

Sikuombi uimbe sifa za Maviameu huko uendako. Najua ulivyosoma hapo kwa shida. Najua muhula mzima ulipita bila mwalimu wa hesabu, nikawa nakuona umekaa na kitabu peke yako chini ya taa ya sola unafuta na kuandika. Pengine ungebaki akademi sasa ungekuwa unaenda kusomea udaktari badala ya uuguzi. Wapo watakaokuambia hivyo, wengine ni ndugu zetu. Siwezi kuapa kwamba wanakosea. Nilichukua kitu chako kizuri nikakiweka kwenye mizani na watoto wa watu wengine, bila kukuuliza. Ningekuuliza leo. Na ukikataa, pengine ningefanya vilevile. Nakuambia hivi ili unijue ukiwa mtu mzima, si ili unipende zaidi.

Nimejifunza kitu kimoja tu cha maana, nacho kilinichukua muda mrefu. Ukitenda baya, liseme mapema, hata kama sauti inakutetemeka. Mama Kasyoka alinisubiri zaidi ya miaka thelathini. Si kila mtu atakusubiri hivyo, na huko hospitalini utakakofanya kazi, mgonjwa hawezi kusubiri hata saa moja. Ukimpa dawa isiyo yake, sema. Wakufokee, wakuandikie barua, wewe sema.

Wakikuuliza tena ulisomea wapi, jibu upendavyo. Lakini kama ni aibu inayojibu, ujue ile si yako. Ni yangu, na mimi nimeimaliza. Usiendelee kuivaa.

Halafu kuna hili la kesho. Ukuta wa darasa la nne umepasuka kutoka juu mpaka chini. Tumeandika ofisini mara tatu kuomba ruhusa ya kujenga upya. Mara ya kwanza walisema wamepokea. Mara ya pili walisema tungoje. Mara ya tatu hawakujibu. Kamati imeketi, na mwenyekiti ni mimi. Kesho saa moja asubuhi mwethya unaanza kuchimba msingi. Basi lako linaondoka saa mbili. Nimejaribu kupanga upya pande zote mbili, imeshindikana, na kina mama wakifika wasinikute watarudi nyumbani.

Kwa hivyo sitakusindikiza Zombe. Baba yako atakupeleka na pikipiki, sanduku litafungwa nyuma. Tutaagana hapa uani, na kama utalia, lia, mimi pia nitalia, kisha nitachukua jembe langu. Watu watasema ni mama wa namna gani huyo. Waache waseme.

Mtapita barabara ya shule. Msisimame, mtachelewa. Ukiona vumbi upande wa kushoto, ni sisi, tumeanza.

Mama yako,
Nduku